UZI: Matone ndani ya utando mwembamba hujipanga mstari yenyewe. Nani anayapanga?

Mwana_Ngomeni (Malindi)

Wadau, salaam. Leo tuache siasa na bei ya unga kidogo, tuzungumze fizikia.

Chukua kipande cha bati chenye tundu dogo. Pakaza ukingoni mwake fuwele kioevu ya aina ya smektiki, halafu uikokote taratibu kwa ncha ya kitu hadi iwambe tundu lote. Utapata utando unaoning'inia, hewa juu na hewa chini. Unaweza kuwa na tabaka mbili tu za molekuli, au mia, au maelfu. Kila tabaka lina unene wa kama nanomita 3.

Sasa upashe joto polepole hadi ukaribie pale ambapo dutu hiyo hubadilika hali, ukitazama kwa hadubini. Ndani ya utando vinachomoza vitone vya mviringo, vipana mikromita chache hadi makumi. Mwanzoni vinaelea ovyo. Kisha kimoja kinasogelea kingine, vinasimama kabla ya kugusana, cha tatu kinakuja kukaa nyuma yao, na ukisubiri unaona msururu ulionyooka, nafasi kati ya kitone na kitone ikiwa sawa. Hakuna aliyevigusa. Hakuna sumaku wala umeme.

Wengi wakiona hivyo husema "vinavutana." Mimi nasema vitone havina habari na wenzao. Anayevipanga ni yule aliye katikati yao, yaani utando wenyewe. Karibuni tubishane.

---

Chuma_Ulete

Hii nitailia ugali au wali wa nazi?

---

BintiShela (Lamu)

Chuma_Ulete tuache tusome bwana. @Mwana_Ngomeni umeanzia juu ya mnazi. Fuwele najua ni kitu kigumu, chumvi kwa mfano. Kioevu ni kitu kinachotiririka. Kimoja kinakuwaje vyote viwili?

---

Mwana_Ngomeni

Swali zuri dada, na hata waliokutangulia liliwatoa jasho. Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea huko Prague, Friedrich Reinitzer, alikuwa anachunguza dutu zenye asili ya kolesteroli. Moja aliyoipasha joto iliyeyuka kwa nyuzi 145.5, lakini ikawa uji wenye ukungu, si maji maangavu. Akaendelea kupasha. Kwenye nyuzi 178.5 ukungu ukatoweka ghafla. Kitu kimoja, viwango viwili vya kuyeyuka! Akamwandikia Mjerumani Otto Lehmann aliyekuwa na hadubini yenye jiko, na Lehmann akaona kwamba ule uji unatiririka huku ukicheza na mwanga jinsi fuwele inavyofanya. Watu walibishana miaka mingi kama hiyo ni hali halisi ya maada au ni uchafu tu uliochanganyika. Mwaka 1922 Mfaransa Georges Friedel ndiye aliyezigawa katika makundi tunayoyatumia mpaka leo.

Siri iko kwenye umbo. Molekuli zake nyingi ni ndefu, vijiti. Katika nematiki vijiti vinaelea popote lakini vyote vinaelekea upande mmoja. Katika smektiki vinaelekea upande mmoja na pia vimejipanga kwa tabaka, na ndani ya kila tabaka vinateleza kama kimiminika. Ndiyo maana unaweza kuwamba utando wa tabaka mbili tu na usipasuke: unene haupungui kidogo kidogo, ni lazima tabaka zima liondoke. Utando wa sabuni humwaga maji yake ukapasuka. Huu wa smektiki, ukiulinda na joto na vumbi, unadumu miezi.

---

BintiShela

Hapo nimekupata. Sasa "upande mmoja" unahusiana vipi na matone kujipanga?

---

Fundi_Matondoni (Lamu)

Wanangu, mimi elimu yangu ni ya randa na tezo, lakini hilo la pande nalijua. Tazameni ubao wenye fundo. Nyuzi za mti zinakuja zimenyooka, zikifika kwenye fundo zinagawanyika, nyingine zinapita kulia na nyingine kushoto, zikilivuka zinakutana tena. Fundo lenyewe dogo, lakini nyuzi zimepinda hadi shibiri nzima kutoka lilipo. Na pale zinapogawanyika, na pale zinapokutana, pana kidoa ambacho nyuzi hazijui ziende wapi. Hapo randa inang'oa vipande na patasi inaponyoka. Sisi ubao wa hivyo hatuuweki mahali pa kuupinda kwenye ubavu wa jahazi, utapasukia hapo hapo.

Mafundo mawili yakikaribiana ndiyo balaa. Nyuzi zilizo kati yao zimebanwa huku na huku.

Je, ndilo jambo mnalolisema?

---

Mwana_Ngomeni

Ami fundi, shikamoo. Ndilo hasa, na sikuwa na mfano mzuri kama huo. Tone ndani ya utando ni fundo. Vijiti vinavyolizunguka vinalazimika kupinda, na kupinda kuna gharama: utando unahifadhi nishati pale ulipopindwa. Tofauti ni kwamba fundo la ubao limekwama milele. Tone linaogelea. Kwa hiyo utando unalisukuma hadi mahali ambapo jumla ya kupinda ni ndogo kabisa. Matone mawili yakikaa kwenye mstari mmoja, sehemu ya mpindo wa moja inatumiwa na la pili. Gharama inapungua. Wewe unayetazama kwa hadubini unaona yamesogeleana, unasema yamependana.

---

Maalim_wa_Fizikia (Malindi)

Nimefurahi kukuta uzi huu. Naomba niingie hapo kwenye mfano wa fundi, kwa sababu unafaa sana na pia una mahali unapoishia, na pale unapoishia ndipo penye utamu.

Unyuzi wa mti hauna kichwa wala mkia. Ukiugeuza nyuma mbele ni ule ule. Ndiyo maana fundi anaona vidoa viwili, kimoja kila upande wa fundo: kila kimoja ni nusu mzunguko. Nematiki nayo iko hivyo hivyo. Lakini tando nyingi ambamo misururu hii ilichunguzwa ni smektiki C, na humo molekuli hazikusimama wima ndani ya tabaka, zimeinama. Ukitazama kutoka juu, mwinamo una upande: ni mshale. Mshale una kichwa. Nusu mzunguko haikubaliki, maana ungekuta mshale umegongana na kisogo chake.

Sasa fanyeni hesabu. Ukingo wa tone unailazimisha mishale iliyo karibu, tuseme, ilizunguke tone. Ukitembea ukingoni duara moja, mshale nao umezunguka duara moja kamili. Lakini mbali na tone mishale yote imetulia inatazama upande mmoja, ukitembea duara kubwa haizunguki hata kidogo. Hesabu hizo mbili hazipatani. Ili zipatane, lazima kati ya tone na huko mbali pawe na nukta moja ambayo mishale inazunguka kinyume, mzunguko mmoja kamili. Hiyo nukta ndiyo kasoro. Hakuna tone la namna hii lisilo na kasoro yake. Hulisindikiza popote liendako, imekaa upande mmoja, si mbali na ukingo.

Tone na kasoro yake ni jozi yenye upande, tunaita dipoli. Na dipoli zinapenda kufuatana: tone, kasoro, tone, kasoro. Huo ndio msururu wa Mwana_Ngomeni. Na ile nafasi iliyo sawa kati ya matone? Ni kasoro imekaa hapo. Inazuia tone lisimfikie jirani yake.

Nadharia ya jambo hili kwa smektiki C iliandikwa Marekani mwaka 1998, na mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa, Philippe Cluzeau na wenzake, wakachapisha vipimo vya matone hayo ndani ya tando. Lakini mlango ulifunguliwa mwaka 1997 na Poulin, Stark, Lubensky na Weitz, ambao walitia matone ya maji ndani ya nematiki na kuona yanajipanga minyororo bila kuungana.

---

Mbishi_wa_Mokowe

Maneno mengi. Mimi naona povu likikaa juu ya maji kwenye beseni, viputo vinakimbiliana na vinakimbilia ukingo. Beseni halina mishale wala kasoro. Ni mvutano wa uso tu wa maji. Mbona msiseme ni hilo hilo, mkamaliza?

---

Mwana_Ngomeni

Mbishi leo umebisha vizuri, kwa sababu hilo nalo lipo. Tone ni nene kuliko utando, kwa hiyo linavimba juu na chini na kuinamisha uso wa utando unaolizunguka. Miinamo miwili ikikutana, eneo la uso linapungua matone yakikaribiana, basi yanakaribiana. Katika smektiki A, ambamo molekuli zimesimama wima, hakuna mshale wowote ndani ya utando, na huko hoja yako ya beseni ndiyo inayotawala.

Lakini angalia vitu viwili. Mvutano wa beseni haujali upande: kiputo kitamfuata mwenzake kikitokea kaskazini au kusini, na mwisho unapata fungu. Katika smektiki C unapata mstari, na mstari huo unafuata mishale. Ukipindua mishale kwa uga wa umeme kwenye dutu zinazouitikia, mstari unageuka nao. Pili, viputo vya beseni vinagusana. Matone haya yanasimama kwa umbali. Mvutano wa uso peke yake hauna sababu ya kuyasimamisha.

---

Mbishi_wa_Mokowe

La kusimama nimelikubali. La mstari bado. Labda utando wenyewe ni mnene upande mmoja na matone yanateremkia huko.

---

Maalim_wa_Fizikia

Hilo pia hutokea, Mbishi, na ni kero halisi maabara. Utando usiolingana unene unayasogeza matone upande wake mnene. Kwa hiyo mtafiti anaanza kwa kuhakikisha utando una rangi moja, kwa maana rangi inayoakisiwa inatokana na unene. Panapobadilika unene, panabadilika rangi. Msururu ukionekana juu ya utando wenye rangi moja, hoja ya mteremko imeondoka.

Na nguvu yenyewe ilishapimwa, si kwa macho tu. Ule mwaka 1997 kuna kundi lilitumia matone yenye chembechembe za sumaku ndani ya nematiki. Wakiwasha uga wa sumaku matone yanasukumana na kuachana, wakiuzima yanarudi, nao wanapima kasi ya kurudi. Wakakuta nguvu inashuka kwa umbali ulioongezwa kipeo cha nne: umbali mara mbili, nguvu inabaki sehemu moja ya 16. Ndicho dipoli inachotakiwa kufanya ndani ya nematiki nene. Kwenye utando, ambao una urefu na upana tu wa kwenda bila kina, ni kipeo cha tatu: umbali mara mbili, nguvu sehemu moja ya 8. Maana yake katika utando jirani anasikika kutoka mbali zaidi.

Kuna na aina ya pili ya tone. Hiyo haina kasoro nje, ina madoa mawili juu ya ukingo wake wenyewe, yanatazamana. Hapo ndipo tunarudi karibu kabisa na fundo la fundi. Jozi imekuwa na ulinganifu, hakuna mbele wala nyuma, na matone ya namna hiyo hayafuatani kwa mstari wa mishale, yanakaa mshazari. Nguvu yake pia inafifia haraka zaidi kwa umbali. Tone lipi utalipata inategemea dutu na jinsi ukingo unavyoikamata mishale.

---

Fundi_Matondoni

Mshazari. Hilo la mshazari limenikaa. Maalim, nami nina swali: kwenye ubao nikikuta mafundo mawili yamekaribiana sana, mara nyingine ukichonga ndani unakuta ni fundo moja. Matone yenu hayaungani?

---

Maalim_wa_Fizikia

Yanaungana, mzee wangu, ukiyalazimisha. Ongeza joto, matone yananenepa, nafasi inabanwa, kasoro iliyo kati yao inazidi kukosa pa kukaa. Ikifika mwisho, ukingo wa tone hili na wa lile zinagusana na kwa kufumba na kufumbua ni tone moja kubwa, kwanza refu, kisha linajiviringa.

Fanyeni tena ile hesabu ya mizunguko. Kabla palikuwa na matone mawili na kasoro mbili. Baada ya kuungana tone ni moja, linahitaji kasoro moja tu. Basi ile ya katikati imemezwa, na ile ya mwisho wa mstari imebaki, inakuwa ya tone jipya. Hakuna deni lililobaki. Mimi nikiwaonyesha wanafunzi sehemu hii kwa michoro ubaoni, huwa hawaamini kwamba hesabu rahisi ya kuzunguka duara inaamua kitu kitakachotokea kwenye hadubini.

---

Chuma_Ulete

Nimeshindwa kuondoka kwenye uzi huu na bado sijala.

---

Kijana_wa_Barani

Nilisoma mahali kwamba haya matone yatatibu saratani na kutengeneza kompyuta za mwanga. Ni kweli?

---

Mwana_Ngomeni

Kaka, punguza. Watu wakipata picha nzuri ya hadubini huandika chochote. Tunachokijua ni kwamba njia hii inapanga vitu vidogo bila mkono. Mwaka 2006 kundi la Igor Muševič huko Ljubljana, Slovenia, lilipanga vijidude vya mviringo ndani ya utando wa nematiki uliobanwa kati ya vioo viwili, vikawa safu pana za kurudiarudia, si mstari tu, na kilichovishikilia ni kasoro hizi hizi. Vitu vilivyopangwa kwa nafasi zinazokaribia urefu wa wimbi la mwanga vinauelekeza mwanga, kwa hiyo wenye hamu ya vifaa vya mwanga wana sababu. Saratani mimi sijui ilitoka wapi.

Ukitaka kitu kilichoko sokoni tayari, kuna kioo cha dirisha kinachobadilika kutoka maziwa hadi angavu ukiwasha swichi. Humo matone yenyewe ndiyo fuwele kioevu, yametiwa ndani ya plastiki. Bila umeme kila tone linaelekea kwake na mwanga unatawanyika. Ukiwasha, molekuli zinafuata uga, mwanga unapita. Ni kinyume cha utando wetu, lakini ni jamaa.

---

BintiShela

Jina lako Mwana_Ngomeni linanikumbusha ile minara ya Waitaliano baharini. Kuna uhusiano wa anga na mada hii au nimeota?

---

Mwana_Ngomeni

Hujaota. Wenyeji wa huku tumekua tukiiona San Marco. Roketi ya kwanza kupeleka setilaiti kutoka pale ilirushwa Aprili 1967, na mwaka 1970, tarehe 12 Desemba, ikarushwa setilaiti ya kuchunguza eksirei za angani, ikaitwa Uhuru kwa sababu ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Urushaji uliisha 1988.

Fuwele kioevu haikuruka kutoka Ngomeni, hilo niseme mapema wasije watu wakaweka kwenye WhatsApp. Ilienda Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu mwaka 2015, jaribio linaloitwa OASIS, likiongozwa na watu wa Chuo Kikuu cha Colorado. Walipuliza mapovu ya smektiki, yaani utando uliojifunga mviringo, na juu yake wakatazama visiwa, sehemu zenye tabaka nyingi kuliko jirani zake. Kwa nini huko? Kwa sababu hapa duniani visiwa vyote vinateremka chini ya povu vikalundikana, usijue kipi kimeletwa na uzito na kipi kimeletwa na jirani. Mbishi, hoja yako ya mteremko iliwapeleka watu angani.

---

Mbishi_wa_Mokowe

Haya, hapo nimefurahi. La mstari nalo nalikubali, kwa muda.

---

BintiShela

Sasa sisi tusio na maabara, kuna chochote cha kuona kwa macho?

---

Maalim_wa_Fizikia

Matone yenyewe hapana, yanataka hadubini, jiko la kudhibiti joto na dutu ambayo duka la Malindi halina. Lakini mishale unaweza kuishika kwa ushahidi. Tafuta kikokotoo kibovu, kile cha kioo cha kijivu chenye tarakimu nyeusi. Juu ya kioo kuna karatasi ya plastiki yenye gundi. Ibandue polepole kwa wembe ukianzia pembeni, uangalie vidole. Hiyo ni polaraiza, yaani chujio linalopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu. Ukiwasha kikokotoo bila karatasi hiyo tarakimu hazionekani kabisa, ingawa fuwele iliyo ndani inafanya kazi yake. Ishike mbele ya jicho, tarakimu zinarudi. Izungushe robo duara, nyeusi inakuwa nyeupe na nyeupe nyeusi.

Katika hadubini wanaweka mbili za namna hiyo, moja chini ya utando na moja juu. Mishale inayoelekea upande huu inang'aa, ya upande ule inakuwa giza, na pale kwenye kasoro utaona mikono minne myeusi inakutana nukta moja. Ukizungusha karatasi zote mbili kwa pamoja mikono nayo inazunguka, na kwa kasoro za aina yetu inazunguka kinyume.

---

Fundi_Matondoni

Kikokotoo kibovu ninacho dukani. Nani kati yenu yuko Amu wiki hii, aje na wembe wake? Wangu ni wa kazi.

---

BintiShela

Mimi nipo, ami. Kesho baada ya alasiri.